Siri ya Gunia

Marehemu baba alikuwa hamali katika bandari ya Malindi, Unguja. Alibeba magunia ya karafuu mpaka bega lake la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Nyumbani gunia lilikuwa zulia la mlangoni, pazia la choo na kitanda cha mbuzi. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kama hicho kingeweza kuwa na siri ya kupelekana mahakamani.

Mwezi uliopita binti yangu alipata kazi katika kiwanda cha viungo Dar es Salaam. Hajaonyeshwa hata mashine ya kusagia, kashapewa mkataba wa usiri, kurasa sita. Akaniuliza, "Baba, mambo haya yalianzia wapi?" Mimi nimesomesha historia miaka thelathini, usingizi ukaniruka.

Jibu moja liko Salem, bandari ya Massachusetts, Marekani, ambayo babu zetu waliijua kuliko tunavyoijua sisi. Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akaja Unguja kuwa konseli. Meli za kwao zilileta vitambaa vya merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka huohuo wa 1837, mahakama ya Massachusetts iliamua kesi ya bwana mmoja aliyeuza kinu chake cha chokoleti pamoja na siri ya kuitengeneza, kisha akataka abaki na uhuru wa kuwasimulia wengine. Akashindwa.

Lakini kesi iliyofungulia njia khasa mikataba ya usiri ni ya magunia. Francis Peabody, mwana wa mfanyabiashara tajiri wa Salem, alibuni namna ya kufuma kitambaa cha gunia kwa vishina vya juti, zile ncha ngumu za chini ya mmea. Alitumia fedha nyingi, akajenga kiwanda, na mitambo yake hakuisajili, aliificha. Tatizo lake ni la kila mwenye siri: mitambo haijitengenezi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Peabody ilikuwa fundi mitambo John Norfolk. Akamwandikisha ahadi kwamba mitambo ile ataichukulia kama kitu kitakatifu, cha kumfaa Peabody na warithi wa haki zake tu, na kwamba atawazuia wengine wasipate habari zake.

Norfolk aliondoka, akashirikiana na mtu mwingine kujenga kiwanda cha aina ileile. Peabody alikwenda mahakamani, akafariki kabla ya hukumu. Wasimamizi wa mirathi wakaendelea na kesi. Mwaka 1868 Jaji Horace Gray aliandika uamuzi: mwenye kubuni jambo na kulifanya siri ana haki ambayo mahakama itailinda dhidi ya aliyevunja ahadi, na kuwaambia wafanyakazi kwa kuaminiana hakuitoi siri hadharani. Mahakama za Marekani zilitegemea maneno hayo kwa miongo mingi.

Nakiri moyo wangu uko kidogo upande wa Norfolk. Mikono ile ilikuwa yake, na ujuzi ukishaingia mkononi hauvuliki kama kanzu. Kwa mafundi wetu wa zamani, mwanafunzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, akaenda zake kufungua karakana. Hata hivyo hukumu naiona ya haki. Norfolk alijua alichoahidi, kwa sababu karatasi yake ilitaja kitu chenyewe: mitambo ile, ya kazi ile, ya mtu yule.

Karatasi ya binti yangu nimeisoma mara tatu. Inamkataza kutoa "habari yoyote ya namna yoyote", milele, hata akiacha kazi. Haitaji mchanganyiko wa bizari, haitaji mashine, haitaji jina la mteja. Kwa maneno hayo, hata bei ya chai ya kantini ni siri.

Nilimwambia, "Mwanangu, usitie saini, wala usigombane nao. Waombe waandike siri yenyewe ni ipi." Ameirudisha Jumatatu. Mpaka leo hawajamjibu.