Geji

Wilayani Kilosa neno geji lina uzito wa chuma. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ile ya kisasa 1,435. Na tawi la reli hiyo ya zamani kutoka Kilosa kupitia Mikumi huikuta reli ya TAZARA, yenye 1,067, pale Kidatu, ambako mzigo hauna budi kuhamishwa. Je, wanafizikia nao waseme “nadharia ya geji”? Mpinzani ana hoja nzito: kwenye reli geji ikibadilika behewa hukwama, ilhali katika fizikia waweza kuibadili katika kila nukta na matokeo yasitikisike.

Hata hivyo neno hilo naliunga mkono. Mwaka 1918 mwanahisabati Hermann Weyl alikusudia hasa kipimo cha urefu kinachotofautiana mahali na mahali. Mwaka 1929 akakihamishia kwenye fezi ya wimbi, jina likabaki. Mwanafizikia Kenneth Wilson, mwaka 1974, aliitandaza nadharia hiyo ya geji kwenye nukta za kimia (ndiyo, kimia kilekile cha watangazaji wa mpira), na humo watafiti husaka mafundo ya uga yanayohesabiwa kwa namba kamili, geji yoyote ichaguliwe. “Kipimo” kina kazi nyingi mno tayari. Wahariri, andikeni geji.