Jiko la nje: namna ya kulichagua na kumlinda mtoto asiungue

Kaya nyingi za Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero hupikia nje. Hilo lina faida, kwa sababu moshi unatawanyika badala ya kujaa ndani na kuumiza kifua cha mama na mtoto. Lakini moto wa mafiga uko chini, mahali ambapo mtoto anayejifunza kutembea anaufikia kwa hatua mbili. Wengi hawaunguzwi na ndimi za moto. Wanamwagikiwa na uji, chai au maharage yanayochemka.

Uchague jiko gani?

Kama unaweza, jenga jiko la matofali ya kuchoma na udongo, lililoinuliwa hadi usawa wa kiuno chako. Sufuria ikae imara, isitikisike unaposonga ugali. Usiweke kigoda wala ndoo karibu, mtoto atapandia.

Kama unatumia mafiga, zungushia uzio wa matofali au miti, umbali wa hatua moja kubwa kutoka kwenye moto. Usitumie mawe yaliyotoka mtoni yakiwa na unyevu. Maji yaliyo ndani yake yakichemka, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Liwekwe wapi?

Chagua mahali palipo wazi, mbali na paa la nyasi, ghala la mpunga na njia wanayopita watoto. Angalia upepo unaelekea wapi. Kwenye kibanda cha shambani wakati wa msimu wa mpunga, fyeka nyasi kavu kuzunguka moto na uweke ndoo ya maji karibu kabla ya kuwasha.

Wakati wa kupika

• Usipike ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Mpe mtu mzima amshike. Mtoto wa miaka sita si mlezi wa mwenzake karibu na moto.
• Funga vizuri ncha za kanga au kitenge.
• Elekeza mpini wa sufuria upande ambao mtoto hafiki.
• Usimwagie moto petroli wala mafuta ya taa.
• Usichome plastiki wala chupa za dawa za shambani. Moshi wake ni sumu.

Majivu na pumba

Majivu hubaki na moto kwa saa nyingi baada ya kupika. Yamwagie maji, yakoroge, kisha yamwagie tena. Kuwa makini zaidi na pumba za mpunga. Rundo lake huungua polepole kwa ndani huku juu likionekana jivu lililopoa, na mtoto akilikanyaga anazama hadi kwenye moto. Mkataze mtoto kucheza kwenye marundo ya pumba na kwenye matanuri ya matofali.

Mvua ikinyesha

Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala, hata kama mkaa umeiva na hautoi moshi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na inaweza kuwaua watu wakiwa usingizini.

Kama nyumbani kuna mwenye kifafa

Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, kifafa kimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1960. Wagonjwa wengi huumia kwa kuangukia moto. Mwenye kifafa asipike peke yake, na moto wa chini haumfai kabisa. Akianguka, mvute haraka. Kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa povu lake. Mhimize atumie dawa kila siku kama alivyoelekezwa.

Mtoto akiungua

1. Mtoe kwenye moto. Nguo ikishika moto, mlaze chini na umzungushie blanketi zito hadi uzime.
2. Mimina maji safi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Usitumie barafu. Maji yakiwa machache, yakinge kwenye beseni safi uyatumie tena.
3. Vua nguo na shanga zilizo karibu na jeraha kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache.
4. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, asipate baridi.
5. Funika jeraha kwa kitambaa safi. Usipasue malengelenge.

Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi vinaingiza vijidudu, na mhudumu hawezi kuliona jeraha vizuri.

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa:

• mtoto hajafikisha mwaka mmoja;
• jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake;
• ameungua uso, shingo, mikono, miguu, viungio au sehemu za siri;
• ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, au hahisi maumivu;
• anakohoa, sauti imekauka au anapumua kwa shida.

Chukua kadi yake ya kliniki, mhudumu aangalie chanjo ya pepopunda. Zile dakika 20 za maji zina faida hata kama saa mbili au tatu zimepita tangu aungue. Kwa hiyo anza na maji, kisha ondoka.