Faida ni ya nani? Kisa cha duka la Rochdale

Kila nikizungumzia ushirika na waandika programu wenzangu, swali ni lile lile: ikiwa duka ni la wanachama, kwa nini litafute faida? Si liuze tu kwa bei lililonunulia?

Jibu ninalolipenda lilitolewa Rochdale, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 wanachama 28, wakiwemo wafumaji na mafundi, walifungua duka mtaa wa Toad Lane kwa mtaji wa pauni 28. Bidhaa zao: siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Basi! Kioski cha mtaani kwenu kina vitu vingi kuliko hivyo.

Maduka ya ushirika yalikuwako kabla yao, na mengi yalikufa. Ukiuza kwa bei ya kununulia huna akiba ya siku mbaya. Ukikopesha wateja maskini unaanguka nao. Watu wa Rochdale waliuza kwa bei ya kawaida ya sokoni, pesa taslimu, hakuna mkopo. Baada ya kulipa gharama, na riba yenye kikomo kwa wenye hisa, ziada ilirudishwa kwa wanachama kulingana na manunuzi yao. Aliyenunua bidhaa za pauni 20 alipata mgao maradufu ya aliyenunua za pauni 10, hata kama hisa zao zililingana. Wazo hili huhusishwa zaidi na Charles Howarth, mmoja wa waanzilishi.

Kwetu sisi wa kompyuta huo ni mstari mmoja tu: ziada, gawanya kwa mauzo yote, zidisha kwa manunuzi ya mwanachama. Kazi ngumu ni kutunza kumbukumbu, na ndiyo maana maduka mengi ya ushirika ya Uingereza yaliwapa wateja vibati vya chuma kama ushahidi wa kiasi walichonunua. Hifadhidata ya mfukoni, jamani!

Kwa hiyo faida ya duka lile ilikuwa pesa ambayo mteja alilipa zaidi, kisha akarudishiwa. Lakini ukitoka dukani ukaingia kiwandani mambo yanageuka. Mwaka 1854 wanaushirika wa mji huo huo walianzisha kampuni ya kutengeneza nguo za pamba, na wafanyakazi wakapewa sehemu ya faida pamoja na wenye hisa. Ili kujenga kiwanda kikubwa walihitaji mtaji, wakauza hisa kwa watu wengi zaidi. Wenye hisa hao wapya walitaka gawio, na mwaka 1862 walipiga kura kufuta mgao wa wafanyakazi. Sheria haikuvunjwa. Wageni walikuwa tu wengi kuliko wenyeji.

Sasa njoo kwetu. Chama cha kahawa kinafanana na Toad Lane: mkulima hulipwa kwa kilo alizopeleka kiwandani. Sacco zetu ni tofauti. Gawio hufuata hisa, na riba hufuata akiba. Lakini mapato makubwa hutoka kwa nani? Kwa mkopaji! Huyo ndiye mteja wa kweli, na kwa kawaida harudishiwi chochote kwa sababu ya kukopa. Mwenye akiba nyingi anayekopa kidogo ndiye anayecheka mwisho wa mwaka. Mimi naona hapo tumeelekea kiwandani kuliko dukani.

Benki ya Ushirika ilipoingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2008, vyama viliweka hisa zao katika chama kimoja, Co-op Holdings, ambacho kimeendelea kushikilia zaidi ya nusu ya benki. Wanunuzi wa sokoni hawawezi kuwashinda kwa kura kama ilivyokuwa mwaka 1862. Gawio lenyewe, hata hivyo, hulipwa kwa hisa.