Utando Uanzie Kwenye Karo: Hoja Kuhusu Maji ya Mbweni

Wengi wanaojenga Mbweni, Dar es Salaam, huchimba mara mbili katika kiwanja kimoja. Nyuma ya nyumba huchimbwa karo na shimo la majitaka, kwa kuwa nyumba zilitangulia na mtandao wa majitaka haukuzifuata. Upande wa pili mchimba visima hutafuta maji chini ya mchanga na miamba ya matumbawe. Kisima kikitoa maji ya chumvi, mwenye nyumba huuziwa mashine ya kuondoa chumvi, na hapo ndipo mazungumzo juu ya teknolojia ya tando huanzia na kuishia. Makala haya yanadai kwamba mazungumzo hayo yameanzia upande usiofaa. Utando wenye manufaa zaidi kwa Mbweni ni ule wa presha ndogo, na mahali pake pa kwanza ni kwenye majitaka.

Tando hizi huuzwa zaidi kama mafungu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, mithili ya tambi. Maji hupenya ukuta wa uzi, uchafu ukabaki nje. Katika uchujaji wa maikro matundu ya ukuta huo hukaribia mikroni 0.1, katika uchujaji wa altra hushuka hadi mikroni 0.02 au chini ya hapo. Bakteria wa kipindupindu ana unene wa karibu mikroni 0.5, kwa hiyo hazuiwi na dawa bali na ukubwa wake mwenyewe. Jambo hili lina uzito katika wilaya ya Kinondoni, ulikoanzia mlipuko wa Agosti 2015 kabla ya kusambaa nchini. Na presha inayotakiwa ni ndogo kweli: tanki lililopandishwa kwenye mnara wa mita 3 hutoa bar 0.3, nayo yaweza kutosha. Kuondoa chumvi katika maji ya bahari kwa osmosisi kinyume hudai bar 55 na zaidi.

Lakini chumvi hupita katika utando wa presha ndogo kana kwamba haupo. Naitreti inayotoka kwenye vyoo nayo hupita. Anayefunga chujio la aina hii kwenye kisima cha chumvi amepata maji yasiyo na vimelea, na bado ni ya chumvi.

Chanzo cha chumvi hiyo ndicho kinachoamua hoja yangu. Chini ya pwani maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, usawa wa maji baridi ukishushwa mita 1, mpaka wa chumvi huelekea kupanda takriban mita 40. Visima viliongezeka sana Dar es Salaam tangu ukame wa 1997. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipokauka kiasi cha kushusha uzalishaji kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300, mgao wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, uliwarudisha wengi kwenye pampu. Mashine ya osmosisi ya nyumbani huzidisha tatizo: hupokea maji mengi, hutoa sehemu tu kama maji safi, na yanayobaki, yakiwa na chumvi zaidi, humwagwa kwenye mchanga uleule. Jirani ndiye anayeyavuta.

Upande wa karo hesabu ni tofauti. Mwaka 1989 Kazuo Yamamoto na wenzake wa Tokyo walizamisha nyuzi za utando moja kwa moja ndani ya tangi la tope hai, wakavuta maji kwa presha hafifu. Bakteria ndani ya tangi hula uchafu na kugeuza amonia kuwa naitreti. Pakitengwa sehemu isiyo na hewa, wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, ikapotea angani. Naitreti ambayo utando hauwezi kuizuia kwenye kisima inapunguzwa sana kabla haijafika ardhini. Maji yanayotoka hufaa kumwagilia bustani na kusukuma choo, na kila lita inayotumika hivyo ni lita ambayo pampu haikuivuta.

Wapo watakaosema mabwawa ya kutibu majitaka, kama ya Vingunguti na Kurasini, ni nafuu na hayahitaji umeme. Ni kweli, na penye ardhi ningeyachagua mimi pia. Mbweni ardhi imekwisha kuwa viwanja. Utando hutoshea kwenye eneo la gereji. Bei yake ni umeme: mitambo mikubwa inayoendeshwa vizuri hutumia chini ya uniti moja kwa mita ya ujazo, midogo hutumia zaidi, na sehemu kubwa huenda kwenye kupuliza hewa. Kisumu matumizi haya ya utando yalijaribiwa kati ya 2016 na 2019 katika mradi wa VicInAqua, ambao uliunganisha tangi la namna hii na ufugaji wa samaki. Windhoek wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2002 uchujaji wa altra ni hatua mojawapo katika mtambo unaorudisha majitaka kuwa maji ya kunywa.

Pingamizi zito zaidi ni la matunzo. Utando huziba. Geji ya presha hupanda taratibu, mtiririko hupungua, na asipokuwapo mtu wa kuusafisha kwa maji ya kurudisha nyuma na klorini, miezi michache inatosha kuuharibu. Watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi walionyesha njia ya kupunguza mzigo huu kwa kukubali mwendo wa polepole: kwa presha ya mnara mfupi tu, bila kusafisha, mtiririko hushuka kisha hutulia kwenye lita 4 hadi 10 kwa saa kwa kila mita ya mraba, kwa sababu viumbe wadogo hutoboa utelezi unaoufunika utando. Kwa lita 5, mita 10 za mraba hutoa lita 1,200 kwa siku, yaani ndoo 60 kubwa. Mfumo wa aina hiyo umetumika kwenye vioski vya maji vya shule kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda.

Kwa majitaka yenyewe polepole peke yake haitoshi, ndiyo maana sipendekezi mtambo kwa kila nyumba. Nyumba 20 au 30 zinazochangia barabara moja ya ndani zinaweza kuchangia tangi moja na fundi mmoja anayelipwa kwa mwezi, kama zinavyomlipa mlinzi. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, inayotoa vibali vya visima chini ya Sheria Na. 11 ya 2009, ingeweza kuzipa nyumba hizo nafuu ya ada kwa kadiri zinavyopunguza uvutaji wao, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ikaweka bei ya maji yaliyorudishwa ili tangi likiwa na ziada, shule au kitalu cha miche cha jirani kiyanunue kihalali.