Ukarabati wa DNA na Saratani ya Tezi Dume

DNA ya binadamu haitulii. Katika kila seli hupata majeraha maelfu kwa maelfu kila siku, mengi yakisababishwa na maji na oksijeni ya mwili wenyewe, mbali na jua kali na moshi wa sigara. Uhai unaendelea kwa sababu vimeng'enya hupita vikikagua, vikikata palipoharibika na kujaza upya. Kwa kuieleza kazi hiyo, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Wapo wanaoiita "urekebishaji wa DNA". Neno hilo ni pana mno: watu hurekebisha saa, hotuba, hata tabia. "Ukarabati" linafaa zaidi, kwa kuwa kinachokarabatiwa hurudishwa katika hali yake.

Hata hivyo, si kila jeraha hukarabatiwa kwa maana hiyo. Baya kuliko yote ni kukatika kwa nyuzi zote mbili za DNA mahali pamoja. Ni kama ukurasa wa kitabu uliochanika: mwenye nakala nyingine hunakili mistari iliyopotea, asiye nayo hugandisha kingo tu na maneno yakapungua. Seli nayo ina njia hizo mbili, na ile ya kwanza ndiyo inayostahili kuitwa ukarabati. Ya pili ni kuunga. Protini ya jeni ya BRCA2 ndiyo inayoipeleka protini nyingine, RAD51, kwenye jeraha ili kunakili kuanze. BRCA2 ikiharibika, seli hubaki kuunga tu, na makosa hulimbikizana.

Katika tezi dume, hitilafu hiyo huzaa saratani yenye kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima wanaume 692 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Asilimia 11.8 walikuwa wamezaliwa na hitilafu katika jeni za ukarabati, na BRCA2 ndiyo iliyoongoza.

Udhaifu huohuo ndio mlango wa tiba. Kimeng'enya cha PARP hushughulikia mikatiko ya uzi mmoja. Kikizuiwa kwa dawa, mikatiko hiyo hugeuka ya nyuzi mbili seli inapojigawa. Seli nzima huokolewa na BRCA2. Ya saratani, isiyo nayo, hufa. Marekani iliidhinisha dawa mbili za aina hiyo, olaparib na rucaparib, kwa wagonjwa wa namna hii Mei 2020.

Kiswahili kimeiita DNA "vinasaba", na nasaba haiishii kwa baba. Hitilafu ya BRCA2 inaweza kupitia kwa mama vilevile. Kwa hiyo mzee mwenye saratani iliyosambaa aulizwe pia habari za mama, dada, shangazi na mama wadogo: nani aliugua saratani ya titi au ya ovari? Mzee huyo akikutwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na binti aliyeirithi huanza kuchunguzwa matiti mapema kuliko wenzake.