Mgeni Njoo, Mwenyeji Augue

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kinamasi cha Everglades, kusini mwa Florida huko Marekani, methali hiyo imepinduka. Mgeni ni chatu wa Burma, nyoka wa Asia anayeweza kupita mita 5. Wenyeji ni nyoka waliozaliwa hapo, na hali yao si poa.

Tukisikia nyoka wa kuja amewalemea wa asili, wengi tunawaza vita, huyu kammeza yule. Mimi naona historia ya Everglades inasema jambo lingine: mgeni anaweza kukumaliza hata kama hamjawahi kukutana.

Chatu huyu hakuogelea kutoka Asia. Alipakiwa kama bidhaa. Kati ya 1996 na 2006 pekee, Marekani iliagiza chatu wa Burma karibu 99,000 kwa ajili ya watu wanaofuga nyoka nyumbani. Akiwa mdogo anatosha kwenye sanduku la kioo. Akishakua anataka chumba kizima, na kuna waliochoka naye wakaenda kumwachilia porini. Wengi hukilaumu Kimbunga Andrew cha Agosti 1992, kilichobomoa jengo moja la kuzalishia chatu. Labda kiliongeza idadi, lakini chatu wa kwanza alipatikana Everglades mwaka wa 1979, miaka 13 kabla ya kimbunga hicho kuvuma.

Matokeo yalianza kuhesabiwa. Utafiti wa 2012 ulionyesha kwamba, pale chatu walipokaa muda mrefu zaidi, rakuni waliokuwa wakionekana barabarani usiku walikuwa wamepungua kwa asilimia 99.3. Sungura wa kinamasini hawakuonekana kabisa.

Lakini kwa nyoka wenyeji, kuna pigo lililokuja kimyakimya. Ndani ya mapafu ya chatu alisafiri kimelea anayeitwa Raillietiella orientalis. Ukimtazama utasema ni mnyoo, kumbe kiukoo ni jamaa wa kamba na kaa. Anakaa mapafuni akinyonya damu. Mayai yake hutoka na kinyesi, mende akala, chura akamla mende, nyoka akamla chura. Basi, safari imekamilika. Nyoka mwenyeji hahitaji kumwona chatu hata siku moja. Anahitaji tu kula chakula chake cha kila siku.

Utafiti uliochapishwa 2018 uligundua kwamba vimelea hawa hukua wakubwa zaidi, na huwa wengi zaidi, ndani ya nyoka wenyeji kuliko ndani ya chatu aliyewaleta. Chatu na kimelea wake wamezoeana tangu Asia, lakini mwenyeji hana kinga hiyo. Nyoka wadogo wenye njuga mkiani wamepatikana wamekufa, njia ya hewa imejaa vimelea. Na ugonjwa umeshapanda kaskazini hadi mahali ambapo chatu wenyewe hawajafika. Kwa hivyo hata ukiwaua chatu wote kesho, mzigo waliouleta utabaki.

Msidhani sisi hatumo. Chatu wa Afrika naye amezaliana magharibi mwa Miami, akifikishwa na biashara hiyohiyo. Huku kwetu, mwaka wa 2003, watu wa karibu na Ziwa Victoria walimlinda chatu waliyemwita Omieri, wakiamini analeta mvua na mavuno. Huko Florida jamaa zake wanasakwa wauawe. Tabia ya chatu haijabadilika. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa, na aliyemweka ni binadamu.

Serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza chatu wa Burma na wa Afrika Januari 2012. Kutoka 1979 hadi hapo ni miaka 33. Muda huo wote nyoka wa Burma alikuwa bidhaa halali yenye risiti, na nyoka wa Florida ndio wanaolipa deni lake kwa pumzi yao.