Sanamu Bila Majina

Kuna sanamu tatu za shaba pale Kenyatta Avenue, Nairobi, tunazozipita kila siku tukikimbilia matatu. Ziliwekwa 1928 kuwakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba ukifa ukipigana, wanao watalikumbuka jina lako. Sasa zunguka hapo chini ulitafute hilo jina. Hakuna hata moja.

Shuleni tuliambiwa Kariokor imetokana na Carrier Corps, tukaandika, mwalimu akafuta ubao. Basi. Hatukuambiwa kwamba Waingereza waliokuwa wakiwafukuza Wajerumani Tanganyika walikusanya wanaume, wengi kwa nguvu, wabebe chakula na risasi, maana mbung'o walikuwa wakiua wanyama wa mizigo. Wapagazi hao walimalizwa zaidi na kuhara, malaria na posho isiyoiva kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa yanafika kama 95,000. Mishahara ya wengi wao haikuwahi kufika nyumbani.

Serikali ilikuwa na njia yake ya kuomboleza. Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita, na msingi wake ulikuwa kwamba wafu wote ni sawa, jenerali na askari wa kawaida. Nenda Taveta uone mawe ya Wazungu, kila moja na jina lake. Kwa mpagazi, ati sanamu moja inawatosha wote. Miaka ya 1920 maofisa waliandikiana kwamba watu hawa ni nusu washenzi, hawajali kutia kaburi alama.

Hapo ndipo mimi hukasirika. Kwa Waluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, nyumbani, na watu wakalia kama kwa maiti yenyewe. Mama aliyezika tunda ili mwanawe awe na kaburi, huyo ndiye hajali?

Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri ubaguzi wake, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba msamaha bungeni. Tangu hapo majina ya maelfu ya Wakenya yamepatikana katika rekodi za kijeshi, hapahapa Kenya. Yaani wakati sanamu inazinduliwa, karatasi zilikuwepo.